Shajara ya mradi: kamba ya kitanda, madigadi na nyundo za Nanyuki, 1943

Kinachotengenezwa

Seti moja ya vifaa vya kukwea mlima, kwa mali ghafi zilezile walizokuwa nazo wafungwa wa vita wa Kiitaliano katika Kambi 354, Nanyuki. Ni kamba ya mkonge iliyokuwa imewambiwa vitanda badala ya springi, jozi ya kramponi (fremu zenye meno, za kufungwa chini ya buti ili lishike barafu) za bati la madigadi na waya wa seng'enge, na shoka la barafu lililofuliwa kutoka kwenye nyundo.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka kambini tarehe 24 Januari 1943 ili wakwee Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kwa waliowafunga. Barsotti aliugua akabaki chini. Wenzake wawili walishindwa kuifikia Batian, kilele cha juu kabisa (mita 5,199), lakini tarehe 6 Februari walisimama juu ya kilele cha Lenana (mita 4,985) na kuacha bendera ya Italia. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, zikapunguzwa hadi 7. Hata picha ya mlima waliyokuwa wakiitegemea ilitoka kwenye karatasi ya kopo la nyama.

Seti hii ni ya maonyesho na ya kupimwa mizigo karakanani. Hakuna mtu atakayeninginia juu yake, na sehemu kubwa ya shajara hii inaeleza kwa nini.

Kanuni tulizojiwekea: hakuna kuchomelea kwa umeme wala kwa gesi, hakuna boliti mpya za dukani. Viungo vyote ni ribiti au waya. Zana ni tanuri la mkaa lenye mvukuto, fuawe la kipande cha reli, jiliwa, keekee ya mkono, tindo, tupa na nyundo. Grenda inaruhusiwa mara moja tu, kukata bati kwenye gari bovu, kwa sababu kukata madigadi nzima kwa tindo hakumfundishi mtu kitu ambacho hakijui.

Mali ghafi: kununua kwa sumaku

Nenda kwa wauza vyuma chakavu ukiwa na sumaku mfukoni. Ukiuliza madigadi kuukuu katika miji ya bara utaonyeshwa kwanza za Land Rover, nazo ni aloi ya alumini. Sumaku haishiki, ribiti ya chuma huilegeza haraka, na jino lake hujikunja mara ya kwanza likikutana na jiwe. Land Rover yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 1948, kwa hiyo haifai hata kihistoria. Kinachotakiwa ni bati la chuma laini la lori au gari la zamani, geji 20 (karibu milimita 0.9) au nene zaidi. Geji 18, milimita 1.2, ni bora ukiipata. Madigadi za magari ya sasa huwa nyembamba mno.

Kata vipande kwenye ukingo wa madigadi, si katikati. Ukingo umekunjwa tangu kiwandani na mkunjo huo ni ugumu wa bure. Kwenye sehemu bapa, gonga kwa kichwa cha bisibisi na usikilize: panapotoa sauti iliyofifia pana kutu upande wa pili, au palijazwa bodifila, lipu ya kuzibia bodi la gari.

Seng'enge: tafuta ile ya zamani ya chuma laini, geji 12.5, yaani waya mbili za milimita 2.5 zilizosokotwa pamoja. Seng'enge nyingi za leo ni waya mwembamba na mgumu sana. Ukiukunja mara tatu mahali pamoja unakatika, na kwenye baridi unakatika mapema zaidi. Jaribio ni rahisi: fungua waya mmoja, uzungushe ukiukaza kwenye msumari, ufungue, uzungushe tena. Ukistahimili mara nne bila ufa, chukua.

Waya umepakwa zinki. Usiutie motoni ukiwa hivyo. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na huanza kuchemka karibu na nyuzi 907, joto ambalo tanuri la mkaa hulifikia bila shida, na mvuke wake huleta homa ya mafundi: kutetemeka, kichwa kuuma na ladha ya chuma mdomoni usiku ule. Laza vipande ndani ya siki usiku kucha, nje ya chumba, mpaka mapovu yakome na waya uwe wa kijivu kilichofifia. Osha, kausha, ndipo ulainishe: pasha mpaka uwe mwekundu hafifu, kisha uache upoe wenyewe ndani ya majivu.

Hapa hatukufuata ujanja wa kuuchoma waya nje upepo ukivuma, njia ambayo mafundi wengi wa jua kali wanaijua. Siki ni polepole lakini haina gharama ya mapafu.

Kamba: kusokota

Mkonge si mmea wa asili wa huku. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1893 kutoka Florida, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyosalimika. Miaka 50 baadaye singa zake zilikuwa kila mahali Afrika Mashariki, kuanzia magunia hadi vitanda vya wafungwa.

Lengo: mita 20 za kamba ya misokoto mitatu, unene wa milimita 12. Kamba ya kuwambia kitanda tuliyo nayo ina unene wa milimita 4. Mbili zikisokotwa pamoja hutoa msokoto wa takriban milimita 5.7, na misokoto mitatu ya unene huo hutoa kamba ya milimita 12. Kwa hiyo zinahitajika kamba sita za kitanda sambamba. Kusokota hula urefu, kiasi cha theluthi moja. Ili upate mita 20 anza na mita 30, yaani mita 180 za kamba ya kitanda kwa jumla. Kitanda kimoja hakitoshi hata kidogo, na sasa inaeleweka kwa nini katika kambi mtu alihitaji marafiki waliokuwa tayari kulala vibaya.

Kabla ya kusokota, kagua. Shika kamba kwa mikono miwili, izungushe kinyume ili nyuzi zifunguke, uangalie ndani. Singa nzima ni nyeupe au njano hafifu na zinang'aa. Zikiwa za kijivu na zikadondosha unga, kamba imeoza kutoka ndani, hata kama nje inaonekana nzima. Kata kipande hicho, usikiunge. Jasho, mkojo wa watoto na mvua kupitia dari ndivyo vinavyomaliza kamba za vitanda, na madhara yake hayaonekani kwa nje.

Angalia pia mwelekeo wa msokoto. Shika kamba wima: mistari ikilala kama mstari wa katikati wa herufi Z, basi misokoto yako isokotwe kwa mwelekeo wa S, na kamba kubwa irudi Z. Ikiwa ni S, geuza yote. Kila ngazi lazima ipingane na iliyotangulia, maana kufunguka kwa moja ndiko kunakoikaza nyingine. Ukikosea mwelekeo, kamba itaonekana nzuri ikiwa imekazwa kwenye misumari, na ukiilegeza tu itajikunjakunja yenyewe.

Chombo cha kusokotea ni ubao wenye kulabu tatu zinazozungushwa kwa pamoja upande mmoja, na upande wa pili kulabu moja juu ya gari dogo la mbao lenye uzito wa mawe. Kulabu tatu zinapozungushwa misokoto hufupika, na gari hujivuta mbele. Mawe yakiwa mepesi misokoto hujipinda na kufanya vifundo. Yakizidi, singa hukatika. Kilo 15 hadi 20 zilifaa kwa unene huu. Misokoto ikishakaza kiasi kwamba ukiibana kwa vidole inataka kujikunja, ingiza kati yao koni ya mbao yenye mifereji mitatu, mdomo mwembamba ukielekea garini, kisha zungusha kulabu ya gari kinyume. Kamba huanza kujifunga nyuma ya koni. Koni isogee kwa mwendo mmoja. Ikienda kasi kamba inalegea, ikikwama inakuwa ngumu kama fimbo na haifungi fundo.

Lowesha misokoto kidogo kwa kitambaa kabla ya kuifunga pamoja. Singa kavu za mkonge huvunjika ncha na kutoka nje kama miba, na kamba yenye miba mingi imeshapoteza nguvu. Baada ya kusokota, nyoosha kamba kwa mzigo wa kilo 60 hadi siku ifuatayo, ikauke ikiwa imenyooka. Miisho ifungwe kwa uzi wa katani uliopakwa nta ya nyuki, mizunguko ya kufunika sentimita 3.

Uzito wa mita 20 ni kilo 2 na kidogo ikiwa kavu. Mkonge hunywa maji. Ikilowa huvimba, inakuwa ngumu, na fundo lililolowa kisha likaganda halifunguki kwa mikono yenye baridi. Tuliweka kipande kilicholowa ndani ya friza ya duka la nyama, na asubuhi kingeweza kusimama wima chenyewe.

Kamba: hesabu ya anguko

Hii ndiyo sehemu ambayo wageni wa mada huiruka, wakabaki wanastaajabia ujasiri.

Kamba ya mkonge ya kiwandani, milimita 12, mpya na kavu, hukatika kwenye mzigo wa takriban kilo 950. Ya mkono, kutoka kamba za vitanda zilizotumika, haiwezi kuizidi. Tuipe sifa kamili kwa ajili ya hesabu. Fundo hupunguza nguvu karibu kwa nusu, kwa sababu singa za nje ya mpindo hubeba mzigo peke yake. Inabaki kama kilo 500.

Sasa anguko. Kinachoumiza kamba si urefu wa kuanguka peke yake bali uwiano wa urefu huo na urefu wa kamba iliyo kazini. Mkonge hurefuka kidogo tu kabla ya kukatika, kiasi cha asilimia 12, ilhali kamba za nailoni za kukwea hurefuka asilimia 30 na zaidi zinaposimamisha mtu. Mtu wa kilo 80 akianguka mita 1 kwenye mita 10 za kamba, nguvu ya juu kabisa ni karibu kilo 440: inashika, kwa shida. Akianguka mita 2 kwenye mita hizohizo 10, nguvu ni karibu kilo 590: fundo linakatika. Anayeongoza akiwa mita 5 juu ya mwenzake bila kitu chochote katikati, ataanguka mita 10 kwenye kamba ya mita 5, na nguvu inazidi kilo 1,600. Hapo kamba mpya ya kiwandani isiyo na fundo lolote nayo ingekatika.

Kwa hiyo kamba hii inamfaa mtu wa pili anayevutwa kutoka juu, kamba ikiwa imekazwa muda wote. Inafaa pia kushusha mzigo, na kumshusha mtu polepole. Kwa anayetangulia ni kitu cha kumpa moyo tu. Wakweaji wa enzi za kamba za katani na manila walilijua hilo vizuri, na kanuni yao ya kwamba anayeongoza haanguki ilitokana na mali ya kamba, wala haikuwa majivuno.

Kuna na jambo la kiuno. Kamba ilifungwa moja kwa moja mwilini kwa kitanzi kisichojikaza, bila mikanda ya mapaja. Mtu akining'inia hewani hivyo, mbavu hubanwa na pumzi huisha ndani ya dakika chache. Gunia la mchanga la kilo 80 halina mbavu, lakini alama ya kamba kwenye gunia inaonyesha mzigo wote umekaa kwenye mstari wa upana wa kidole.

Miamba ya kilele cha Mlima Kenya ni sayenaiti, yenye chembe kubwa na ngozi ya kukwaruza. Tulisugua kipande cha kamba chini ya mzigo kwenye ukingo wa jiwe la aina hiyo. Singa za nje hukatika kwanza na kutoa manyoya. Msokoto mmoja ukishaisha, miwili iliyobaki hujizungusha na kulegea, hivyo hasara inazidi theluthi.

*Hali: imekamilika. Kipande cha mita 3 kimetengwa kwa ajili ya kuvutwa mpaka kikatike.*

Kramponi: kwa nini mkunjo ndio kila kitu

Muundo wa msingi ulikuwa umejulikana zamani. Oscar Eckenstein alichora kramponi ya meno kumi mwaka 1908, na Henry Grivel, mhunzi wa Courmayeur, akaifua. Mwaka 1929 Laurent Grivel aliongeza meno mawili ya mbele. Kwa hiyo kufikia 1943 Mtaliano mkweaji alijua vizuri kramponi nzuri inafananaje. Alichokosa Nanyuki ni chuma cha kuifulia.

Tatizo la bati linaonekana kwa hesabu fupi. Chukua jino bapa la bati la milimita 1, upana milimita 25, urefu milimita 30. Chuma laini huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa karibu megapaskali 250. Sukuma ncha ya jino hilo kwa pembeni: linapinda kwa nguvu ya kilo 3 na nusu. Mtoto anaweza kulipinda kwa kidole gumba. Sasa chukua bati hilohilo, upana huohuo, ulikunje katikati kwa urefu lifanye pembe ya digrii 90, kila upande milimita 12.5. Linahitaji takriban kilo 36 ndipo lianze kupinda. Chuma hakikuongezeka hata gramu, ila ugumu umekuwa mara kumi.

Mpangilio wetu basi ni huu. Fremu ina sehemu mbili, ya mbele ya kidole na ya kisigino, zilizounganishwa katikati ya wayo kwa bawaba ya waya. Kila sehemu ni vipande viwili vya pembe vinavyopita kandokando ya soli, na vipande viwili vya kukatisha. Meno ni manne mbele na manne nyuma, yote ya pembe, urefu wa milimita 30 chini ya soli. Meno ya mbele kabisa hatukuyaweka. Kwenye bati la unene huu jino linalotoka mbele hubeba uzito wote wa mwili kama mkono ulionyooshwa, na litapinda tu.

Kata bati kwa kiolezo cha katoni. Acha milimita 3 kila upande kwa ajili ya tupa. Usikunje kwa kugonga juu ya kona kali ya jiliwa, kwa sababu bati la zamani hupasuka mgongoni. Weka kati yake chuma cha duara cha milimita 3 ili mkunjo uwe na kiduara kidogo. Gonga kidogokidogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, upite tena, na tena, badala ya kumaliza mahali pamoja. Nyufa za nywele huonekana ukipaka mafuta ya taa, ukafuta, ukapaka chaki: mstari mweusi unajitokeza.

Ribiti ni misumari ya inchi 4, kipenyo karibu milimita 5, iliyokatwa. Toboa milimita 5.2. Acha milimita 7 hadi 8 zitokeze kwa ajili ya kufanya kichwa; zikipungua kichwa ni chembamba na kinang'oka, zikizidi msumari hupinda ndani ya tundu kabla ya kutanuka. Kila jino ribiti mbili, tundu lisikaribie ukingo kwa chini ya milimita 8. Jozi ya kwanza ilikuwa na ribiti moja kwa kila jino, na meno yaligeuka kama mshale wa saa mara baada ya kukanyagwa mawe.

Seng'enge ina kazi tatu. Ya kwanza ni bawaba: vitanzi viwili vya waya ulioongezwa mara mbili, vinavyoruhusu buti kujikunja. Fremu moja iliyonyooka chini ya buti laini la kijeshi huvunjika katikati ya wayo, palepale buti linapojikunja. Ya pili ni pete za mikanda, nne kwa kila kramponi. Ya tatu ni kufunga mizizi ya meno: waya mmoja unapita kwenye shingo ya jino, unazunguka fremu mara tatu, na kukazwa kwa kusokota ncha. Ribiti inazuia jino kutoka, waya unalizuia kugeuka. Ncha za waya zigeuzwe ndani na kusagwa, la sivyo zitachana suruali, na mkweaji anayejikwaa na suruali yake kwenye mteremko wa barafu hahitaji maelezo zaidi.

Kunoa meno: tupa, kwa kufuata urefu wa jino, ncha yenye upana wa milimita 2 hadi 3. Usifanye ncha ya sindano. Chuma laini chenye ncha kali sana hujikunja kwenye jiwe la kwanza na kuwa butu kuliko awali. Tulifikiria kukigumisha kwa mkaa wa mifupa ndani ya kopo lililozibwa, njia ya kale inayofanya kazi kwenye chuma laini, lakini bati la milimita 1 likigumishwa hivyo pande zote mbili halibaki na moyo laini, nalo hukatika kama kigae. Limebaki laini. Linapinda, na linanyooshwa kwa jiwe papo hapo.

Mikanda: turubai iliyoshonwa mara mbili, upana wa milimita 25. Ngozi ikilowa hurefuka na kramponi hulegea. Ukiikaza sana kwa kuogopa hilo, damu haifiki vidoleni, na baridi inamaliza vidole kabla ya barafu kumaliza meno.

Majaribio yalifanywa kwenye mabonge ya barafu ya samaki, yakiwa yamepangwa kwenye mteremko wa mbao wa digrii 20, kisha 35. Barafu ya bonge iliyotoka tu kiwandani ni kavu na ngumu, jino huichanja bila kuzama. Ikianza kuyeyuka juu, jino huzama vizuri. Kwenye digrii 20 kramponi zinashika kwa wayo bapa bila wasiwasi. Kwenye 35 meno ya upande wa bonde huanza kufunguka kutoka pembe ya digrii 90 kuelekea bapa, na yakishafunguka kidogo ugumu wote unaondoka kwa mara moja. Dawa ni kipande kidogo cha bati, pembetatu, kilichopigwa ribiti ndani ya pembe ya jino. Kinaongeza uzito kidogo sana na kinafunga mlango huo.

Kwenye Lewis, barafu iliyo chini ya Lenana, jaribio kama hili lingekuwa na thamani ndogo leo. Imepungua mno tangu 1943.

*Hali: kramponi ya kulia imekamilika pamoja na pembetatu. Ya kushoto inasubiri bati la geji 18.*

Shoka la barafu: kufua nyundo

Nyundo ya makucha inavutia kwa kuwa makucha yanafanana na ncha ya shoka, lakini ni mawili, na kuyaunganisha kwa kufua yakiwa moto ni kazi ya mhunzi mzoefu. Kukata moja kunaacha lingine likiwa limekaa kando ya mstari wa mpini, na kila pigo linajaribu kuuzungusha mkononi. Nyundo ya fundi makanika, yenye kichwa cha mviringo upande mmoja, ni nyepesi kufanyia kazi. Uzito wa kutosha: ncha ya milimita 130 inayopungua kutoka milimita 20 kwa 12 hadi 8 kwa 4 ni karibu gramu 120. Sepeto ya upande wa pili, milimita 60 kwa 50, ni karibu gramu 95. Jicho la mpini na kuta zake ni gramu 200 hivi. Ongeza kinachopotea kwa magamba ya moto na tupa. Nyundo ya ratili moja na nusu, gramu 680, inatosha na chenji. Ya ratili moja itakufikisha nusu ya safari.

Chuma cha nyundo kina kaboni ya kutosha kugumishwa, na pia ya kutosha kuharibika. Kifue kikiwa cha rangi ya chungwa, simama kikifikia wekundu hafifu. Kigonge kikiwa cheusi-nyekundu na kitapasuka ndani, ufa utakaouona siku ya kukitumia. Kikianza kutoa cheche motoni kimeungua, na sehemu hiyo haiponi, ikate. Ingiza kipande cha chuma ndani ya jicho muda wote wa kufua, kwani kila pigo kwenye ncha linataka kulibana jicho liwe mwezi mchanga.

Ukimaliza umbo, pasha mpaka sumaku isishike na uache kipoe hewani, mara tatu. Hapo ndipo ugumishe, sentimita 4 za ncha na ukingo wa sepeto peke yake: pasha kidogo kupita pale sumaku inapoachia, zamisha ndani ya mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto nyuzi 50 hadi 60. Oili chafu ya injini hufanya kazi pia, ila moshi wake ni sumu. Jicho lisigumishwe kamwe. Kisha safisha kwa msasa na upashe polepole kutoka upande wa jicho, ukiangalia rangi zikitembea: njano, kahawia, zambarau, buluu. Simamisha ncha kwenye zambarau inayoelekea buluu, karibu nyuzi 280 hadi 290. Kwenye njano ncha ni ngumu sana na itabanduka ikigonga jiwe chini ya barafu nyembamba.

Mpini: sentimita 90. Ulaya wangetumia mti wa ash. Mtarakwa wa Mlima Kenya unapasuka kwa urefu, ndiyo maana unafaa kwa nguzo za ua. Podo umenyooka lakini ni laini. Mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu, ni mzito na mgumu wa kuchonga, nao ndio tuliouchagua. Chagua kipande ambacho mistari yake inaenda sambamba na mpini kutoka mwisho hadi mwisho. Mstari ukitoka kando katikati, hapo ndipo utakapovunjika. Paka rangi miisho miwili na uuache ukauke kivulini bila haraka, kwa sababu mti huu ukikaushwa juani hupasuka ncha.

Udhaifu wa shoka zima uko chini ya jicho. Jicho la nyundo lilitengenezwa kwa mpini wa sentimita 35. Hapa unaingia mpini wa sentimita 90, na mkono wa wenzo ni zaidi ya mara mbili. Tumeweka mabamba mawili ya chuma, upana milimita 20, unene milimita 2, yanayoshuka sentimita 18 kila upande. Matundu ya ribiti yapishane. Yakipangwa kwenye mstari mmoja yanakuwa alama ya kukatia mti. Kabari ya mbao kwanza, kisha ya chuma kuikatisha. Usilaze kichwa majini ili mpini uvimbe: unavimba, nyuzi za mti zinapondwa na jicho, na ukikauka unalegea zaidi ya ulivyokuwa. Mafuta ya kitani yaliyopashwa ndiyo dawa.

Chini ya mpini, kola ya kipande cha bomba la maji la nusu inchi, na mwiba wa nondo ya milimita 10 uliozama sentimita 7 ndani ya mti.

*Hali: kichwa na mpini vimekamilika. Meno manne ya chini ya ncha bado kuchongwa, na mabamba yanasubiri ribiti za mwisho.*

Yaliyobaki

Kramponi ya kushoto kwa geji 18, ili zilinganishwe kwa mzigo uleule kwenye mteremko uleule. Kipande cha kamba cha mita 3 kikatwe viwili, kimoja kivutwe kikavu na kingine baada ya kulala majini usiku mzima, kila kimoja na fundo moja katikati. Koti la blanketi, la kuvaliwa pamoja na vifaa hivi, limeshakatwa, na halina la kusimulia zaidi ya kwamba mishono iwe miwili mabegani, panapokaa mikanda ya shanta. Kamba ya maonyesho itundikwe mahali pakavu penye hewa, mbali na sakafu ya saruji na mbali na betri za magari. Mvuke wa tindikali hula mkonge bila kuacha alama. Kila miezi mitatu misokoto ifunguliwe mahali patatu tofauti na kuangaliwa ndani.